Ukuta Haujengwi kwa Tofali Moja: Orodha ya Wakata Umeme Mliyopewa Ina Walakini

Haya wadau wangu, leo sina habari ya nani kaachana na nani. Hizo nimeziweka kiporo. Leo nina hasira ya mpira, na nimeibeba tangu Jumapili pale kijiweni karibu na stesheni ya Kaliua, ambapo wanaume wazima nusura wamwagiane kahawa kwa sababu ya orodha.

Orodha gani? Kuna mchambuzi mmoja wa Dar, jina kapuni, ana kipaza sauti kikubwa na wafuasi kibao. Katoa orodha ya timu zenye safu kali ya viungo wakabaji kuelekea msimu wa 2025/26. Namba moja kawapa Singida Black Stars. Sababu? Wamemchukua yule Mganda, mnamjua, aliyekaa katikati ya Yanga misimu minne na kuondoka na mataji manne ya ligi. Yanga kawashusha mpaka namba nne kwa sababu hiyohiyo: Mganda kaondoka, basi na ukuta nao umeondoka.

Nikasema hapana. Yaani mtu mzima, analipwa kuchambua mpira, anahesabu safu nzima kwa kichwa kimoja?

Naomba nieleweke. Huyo Mganda mimi namheshimu. Kwa misimu minne nimekaa kwenye kibanda umiza, kwenye benchi la mbao, namwangalia anavyokata umeme bila hata kuchafua bukta. Shida yangu siyo yeye. Shida yangu ni ninyi mnaopanga orodha kwa kuangalia nani kapokelewa airport na matarumbeta, halafu mnaita huo uchambuzi.

Msimamo wangu ni huu, na msinipigie simu usiku: safu ya wakata umeme haipimwi kwa jina la mtu wa kwanza. Inapimwa kwa mtu wa tatu. Wa kwanza kila timu kubwa anaye, ni suala la pesa tu. Swali ni siku wa kwanza ana kadi, wa pili ana nyama za paja, na mechi iko ugenini kwenye uwanja wenye vumbi, ni nani anasimama pale? Hapo ndipo utajua kama una ukuta au una tofali.

Sisi watu wa Tabora hili somo tunalo la siku nyingi. Mwaka 1871 Mirambo aliifunga njia ya misafara kutoka Unyanyembe kwenda Ujiji. Stanley aliyekuwa anakwenda kumtafuta Livingstone ikabidi azungukie kusini huko porini. Jina lililobaki vitabuni ni la Mirambo, sawa, alistahili. Lakini mnadhani alisimama barabarani peke yake na bunduki? Alikuwa na rugaruga wake. Huyu akichoka yule yupo. Njia haifungwi na jina, inafungwa na watu.

Sasa turudi uwanjani, maana najua mtaniambia naleta historia kukwepa hoja.

Hoja ya kwanza. Tarehe 25 Mei mwaka 2025, Amaan, Zanzibar, fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho. Simba walitoka Morocco wamefungwa 2-0 na RS Berkane. Nyumbani wakapata bao mapema, uwanja ukachemka, hata sisi tusio wa Msimbazi tulisimama. Kipindi cha pili kimeanza tu, kiungo mkabaji mmoja, sitaji, akala kadi nyekundu. Kuanzia pale katikati palikuwa wazi kama stendi saa nane usiku. Berkane wakasawazisha mwishoni, 1-1, kombe likaondoka. Kesho yake wachambuzi wote walizungumza nini? Washambuliaji! Eti wamekosa mabao.

Najua kuna mdau ataandika kwamba kadi nyekundu haina mbadala, hata ungekuwa na viungo kumi benchi. Kweli kabisa. Lakini jiulize mtu anafikaje kwenye kadi. Kwa macho yangu, yule kijana msimu ule alikuwa anabeba mzigo wa watu wawili. Anayekimbia kwa ajili ya wawili atachelewa, na anayechelewa atacheza rafu. Kwangu mimi kadi ile ilianza kuandikwa siku dirisha la usajili lilipofungwa bila mtu wa kumpumzisha.

Hoja ya pili. Novemba 2024. Yanga walikuwa wameanza ligi kwa kushinda tu, nyavu zao hazijaguswa. Kila orodha ya msimu ule iliwaweka juu kwa ukuta wa kati. Tarehe 2 wakafungwa na Azam 1-0. Tarehe 7, palepale Chamazi, wakaja Nyuki wa Tabora. Mlifikiri tunakuja kupiga picha? 3-1! Siku ile Kaliua hakulala mtu, bodaboda walipiga honi mpaka mbwa wakachoka kubweka. Wiki moja baadaye kocha wa Yanga akaonyeshwa mlango.

Lakini ngoja, maana mimi siyo shabiki kipofu. Mwisho wa msimu nani alichukua ubingwa? Yanga haohao. Kwa nini hawakuporomoka? Kwa sababu pale katikati hakukuwa na Mganda peke yake. Kulikuwa na Mzanzibari mmoja ambaye hana makeke Insta lakini anakimbia kama ana deni. Kulikuwa na Mkenya anayecheza nafasi yoyote utakayompa. Ukuta ulipasuka, ukazibwa. Hiyo ndiyo safu. Na hao wawili kuelekea msimu wa 2025/26 walikuwa bado wapo Jangwani, na akaongezwa Mguinea. Sasa niambie, ukuta umeondoka vipi wakati tofali moja tu ndilo limehama?

Hoja ya tatu, na hii ndiyo inaniuma zaidi. CHAN ya Agosti 2025, nyumbani kwetu. Taifa Stars mechi tano. Burkina Faso 2-0, Mauritania 1-0, Madagascar 2-1, Afrika ya Kati 0-0, halafu robo fainali Morocco wakatutoa kwa 1-0. Hesabu vizuri: mechi tano, tumeruhusu mabao mawili. Mawili! Na CHAN ni mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani tu, kwa hiyo hakuna cha kuletwa kutoka Ulaya pale. Vijana wetu ndio waliosimama katikati mbele ya mabeki. Sijaona hata orodha moja iliyosema kwamba labda wakata umeme bora wa ligi hii ni hawa tunaowazoea. Wote mko bize na nani anashuka kwenye ndege.

Basi nami natoa orodha yangu ya msimu wa 2025/26, ya Kaliua, bila kipaza sauti.

Namba moja, Yanga. Sababu nimeshaitoa. Wana mtu wa kwanza, wa pili na wa tatu, na wawili kati yao wameshavuja jasho pamoja msimu mzima.

Namba mbili, Azam. Wamemrudisha mtoto wa nyumbani aliyekula chumvi Misri miaka kadhaa, wakamleta na yule Mmali aliyewahi kuvaa nyekundu Msimbazi. Watasema miguu imezeeka. Ndiyo, lakini mkata umeme akijua pa kusimama hahitaji kukimbia sana. Na msimu huo wa 2025/26 waliuanza na Ibenge kwenye benchi, ambaye sikudhani kama angevumilia katikati pawe sokoni.

Namba tatu, Simba. Yule wa Amaan alikuwa bado yupo, na akaletewa Msenegali wa kumsaidia na kijana kutoka Tanga. Kwenye karatasi wanaweza kuwa wa kwanza. Lakini karatasi haikabi. Wakizoeana kabla ya Krismasi nitakuja hapahapa kuomba radhi.

Namba nne, Singida. Mtu wa kwanza wanaye, tena bora. Lakini kijiweni niliuliza nitajiwe wa tatu wao. Mashabiki wa mpira kindakindaki pale, wanaojua mpaka namba ya kiatu cha kipa wa akiba, walianza kutazamana. Basi. Nikanywa kahawa yangu.

Sasa mtauliza, wewe Kaliua huko unahangaika nini na orodha za Dar? Tulia nikwambie.

Kuna kijana mmoja huku kwetu, ana miaka 17, anatokea njia ya Usinge. Sitamtaja maana ni mtoto wa watu. Huyo kijana ni namba sita wa kuzaliwa. Mwaka jana kwenye ndondo alicheza nusu fainali na fainali, na katikati hakupita mtu. Nasema hakupita mtu! Akaja bwana mmoja na gari, naye jina kapuni, anasema anatafuta vipaji. Akauliza swali moja tu: "Mfungaji nani?" Akaonyeshwa dogo aliyefunga mawili. Akamchukua namba ya simu, akaondoka. Yule aliyezuia matano hakuulizwa hata jina.

Kijana akaniuliza, "Kaka, kwani mimi nimekosea wapi?" Nikakosa jibu. Wakala mwingine akamwambia atengeneze video ya mabao yake ili aisambaze. Mabao! Unamwambia mlinzi wa geti alete picha za wizi aliofanya. Mjomba wake akamaliza kabisa: nenda mbele ukafunge, huko nyuma hakuna hela. Msimu huu wa ndondo kacheza mshambuliaji. Hafungi. Kachekwa uwanjani na watu walewale waliomshangilia. Sasa hivi yuko kwenye vitalu vya tumbaku na baba yake, na jioni haji tena mazoezini.

Hiyo ndiyo kazi ya orodha zenu, ndugu zangu wa vipaza sauti. Mnadhani mnachekesha watu asubuhi wakiwa kwenye foleni, kumbe mjomba wa mtoto Kaliua anasikiliza na kupanga maisha ya mtu. Mkisema kila siku kwamba mpira ni mabao, vijiji vyote vinajaa washambuliaji wabovu. Halafu mnageuka na kushangaa kwa nini klabu zinajaza nafasi zao za wageni kwa kuanzia na viungo wakabaji. Wetu mmewaua wenyewe kabla hawajafika Tabora mjini, achilia mbali Dar.

Babu zetu Wanyamwezi ndio waliobeba mizigo kutoka huku mpaka pwani. Pembe zilipofika Bagamoyo, tajiri ndiye aliyesifiwa, mpagazi akageuza njia akarudi kwao. Namba sita ndiye mpagazi wa mpira wa leo. Sisi watoto wa wapagazi kumcheka ni aibu.

Sitaki makubwa. Mchambuzi, ukitoa orodha ya safu, taja watu watatu kila timu. Ukishindwa kumtaja wa tatu, hiyo siyo safu, ni picha ya mtu mmoja. Unayetafuta vipaji, ukifika uwanjani usiulize mfungaji nani. Kaa dakika tisini, uone mpira unaishia miguuni kwa nani. Na wewe mjomba, mwache mtoto wa watu acheze pale anapoweza. Mimi wiki ijayo naenda njia ya Usinge na jezi namba sita, nimeinunua kwa hela yangu. Nitamwomba arudi mazoezini. Akikataa nitaikunja niiweke, maana sijui wa kumpa mwingine.

Haya, uwanja wenu hapo chini. Mashabiki wa Singida njooni na jina la mtu wa tatu, matusi mwacheni nyumbani. Na kama kwenu kuna namba sita aliyekatwa tamaa, tuandikie kijiji chake tu, jina weka kapuni.