Hukumu imefutwa, mbona hawatoki?

Wadau, majuzi nilikuwa Mombo, pale njia panda ya kupanda Soni na Lushoto, nasubiri gari. Mama mmoja muuza matunda, alipojua naandika habari, akanivuta pembeni. "Mwanangu, hebu nieleze wewe. Tumeambiwa hukumu ya vijana wetu imefutwa. Mbona hawajaja nyumbani?" Vijana watatu, walishtakiwa pamoja kwa mauaji. Nikamjibu harakaharaka, gari likaja, nikapanda. Njia nzima nilijisikia vibaya, maana nilimpa jibu nusu.

Kwanza, kufuta hukumu si lazima iwe kuachia huru. Mahakama ya Rufani ikiona ushahidi haukutosha, mtu anakwenda zake. Lakini ikiona kesi yenyewe iliendeshwa kinyume cha sheria, inafuta mwenendo mzima na inaweza kuagiza isikilizwe upya. Shtaka linabaki pale pale. Na kwa kuwa mauaji hayana dhamana, aliyekuwa mfungwa anageuka mahabusu. Kwa mama yake tofauti iko wapi?

Wengi wetu tumejifunza mahakama kwenye sinema za Marekani. Kule juri ikishindwa kukubaliana, jaji anavunja kesi. Mashtaka yakiwa matano na juri ikakubaliana kwa matatu, yale mawili tu ndiyo yanaweza kurudiwa. Sisi hatuna juri. Tulikuwa na wazee wa baraza, ambao kwa miaka mingi ilikuwa lazima wakae na jaji kwenye kesi za Mahakama Kuu, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2022 na kumwachia jaji aamue kama anawahitaji. Kesi nyingi za mauaji zilibatilishwa kwa sababu yao: jaji hakuwafafanulia hoja muhimu za kisheria, au wazee waliwabana mashahidi kwa maswali kama vile wao ni mawakili. Sasa mshtakiwa anahusikaje hapo?

Washtakiwa wakiwa wengi ndipo mambo yanaponoga. Kasoro ikiwa kwenye ushahidi wa mtu mmoja, tuseme maelezo ya onyo yaliyochukuliwa vibaya, inamgusa huyo, wenzake wanapimwa kwa ushahidi wao. Kesi ya Zombe na wenzake inaonyesha hilo: watu wanne waliuawa Januari 2006, Mahakama Kuu ikawaachia washtakiwa wote Agosti 2009, na Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani Christopher Bageni peke yake. Kesi moja, lakini kila mtu na hesabu yake. Ila kasoro ikiwa kwenye msingi wa kesi, wote wanazama pamoja. Mfano ni kesi za uhujumu uchumi: bila kibali cha DPP, na hati yake ya kuipa mahakama ya chini mamlaka ya kusikiliza, hata mashahidi wawe ishirini, kazi yote ni bure.

Kubadilisha jaji peke yake hakuvunji kesi, wengi hapa huchanganya. Kesi ya Freeman Mbowe na wenzake watatu ilipita kwa majaji watatu mwaka 2021: Luvanda alijitoa, Siyani akaondoka baada ya kuteuliwa Jaji Kiongozi, Tiganga akaendelea mpaka DPP alipoondoa mashtaka Machi 2022.

Je, kila kesi iliyoharibika lazima irudiwe? Hapana. Tangu kesi ya Fatehali Manji, mwaka 1966, mahakama zetu zinafuata kanuni kwamba kesi hairudiwi ili kuwapa waendesha mashtaka nafasi ya kuziba matundu ya ushahidi wao. Kanuni nzuri sana. Tatizo langu ni pale kurudia kunapoagizwa. Mahakama husema muda uliokwisha kutumikiwa uzingatiwe wakitiwa hatiani tena. Kwa wizi wa kutumia silaha, ambao adhabu yake haipungui miaka 30, hiyo ni nafuu. Kwa mauaji, ambayo adhabu yake ni kunyongwa, unapunguza nini?

Mimi nasema hivi: kosa likiwa la jaji au la waendesha mashtaka, sheria itaje siku za kuanza kesi upya, na zikipita mshtakiwa apate dhamana, hata kama ni mauaji. Najua nitarushiwa mawe, kwamba ndugu wa marehemu nao wanataka haki. Wanataka, ndiyo, na hao pia wanaitwa upya kutoa ushahidi wa jambo lililotokea miaka kumi nyuma, wengine wamehama, wengine wamezikwa.

Mama, kama kuna anayekusomea hapa: muulize wakili mambo mawili. Jalada limerudi Mahakama Kuu? Na amri ya kusikiliza upya inawahusu wote watatu, au kuna ambaye hakupaswa kurudishwa?

Nawakilisha.