Majina na Asili Yake: Mtarakwa wa Mau

Msafiri atokaye Njoro kwenda Mau Narok hupanda kidogo kidogo kati ya mashamba ya ngano, viazi na pareto. Kando ya njia huona nguzo za ua zilizogeuka rangi ya kijivu kwa mvua na jua, wala mchwa hawakuziweza. Ni nguzo za mtarakwa. Watu huzipita bila kuzitazama, kumbe jina la mti huo lina habari ndefu.

Wakikuyu huuita mutarakwa. Wamaasai, ambao pia ndio wenye neno narok, yaani “nyeusi”, huuita oltarakwai. Wakalenjini husema tarakwet. Kikikuyu ni lugha ya Kibantu, na hizo mbili sivyo. Basi kukutana kwao katika neno moja si jambo la bahati. Watu hawa walibadilishana ngozi na nafaka, wakaoana, na mara nyingine wakapigana, na katika ujirani huo jina likahama kutoka kinywa hadi kinywa. Ndiyo maana iko Tarakwa katika Uasin Gishu, na Mutarakwa karibu na Limuru.

Wafanyabiashara wa mbao waliuita sida, kwa ajili ya wekundu na harufu yake nzuri. Jina hilo lapoteza watu. Mwerezi wa Lebanoni unaosomwa katika Biblia ni mti wa ukoo mwingine. Mtarakwa ni wa ukoo wa mreteni, na wataalamu huuita Juniperus procera. Mbao zake zilipelekwa Ulaya kufanyiwa kalamu za risasi, na pengine karani wa zamani aliandikia hesabu zake kijiti cha mti wa kwao bila kujua. Waogiek wa Mau waliujua vema zaidi: huchonga mizinga ya nyuki katika gogo lake, kwa kuwa halipatwi upesi na uozo.

Lakini mti huu hukua polepole mno. Mwaka 2001 Serikali ya Kenya iliondoa zaidi ya hekta 60,000 katika msitu wa Mau, na zaidi ya nusu yake ni za Mau ya Mashariki, jirani na Mau Narok. Wakulima wengi wapandao miti siku hizi huchagua mkaratusi, maana huvunwa mapema. Hata mtoto akiuliza mtarakwa ni mti gani, huenda babu yake akamwonyesha nguzo ya ua.