Punje Si Abiria

Saruji inapotolewa kwenye tangi la lori kwenda ghalani haichotwi kwa koleo. Kompresa huisukuma kwa hewa ndani ya bomba. Tuseme kila kilo ya hewa inabeba kilo 5 za saruji. Kwa uzito, saruji ndiyo bwana humo ndani. Kwa nafasi ni kama haipo: hewa ikiwa na msongo wa kawaida, saruji haichukui hata sehemu 3 katika kila 1,000 za ujazo wa bomba. Hapo ndipo wengi wetu tunaokokotoa mitiririko hupotoka. Tunatazama nafasi, tunasahau uzito, kisha tunazihesabu punje kuwa abiria wa upepo, kana kwamba ukishaujua upepo umeijua na safari yao. Hoja yangu katika kulifungua toleo hili ni kwamba abiria hawa hushika usukani, na modeli isiyokiri hivyo haifai kubunia bomba.

Mwaka 1984 Tsuji na wenzake, huko Japani, walichapisha vipimo walivyochukua kwa leza katika bomba la wima lenye kipenyo cha milimita 30.5, hewa ikipanda na chembe za plastiki. Chembe za milimita 3 ziliuzidisha msukosuko wa hewa. Za milimita 0.2 ziliupunguza. Bomba ni lile lile, kilichobadilika ni ukubwa wa chembe. Sababu inaeleweka: chembe ndogo huburutwa na mizunguko ya hewa na kuila nguvu yake, ilhali kubwa huacha mkia wa vurugu nyuma yake kama mashua iachavyo povu. Mwaka 1989 Gore na Crowe walikusanya vipimo vya watafiti wengi, wakaona mpaka kati ya hali hizi mbili uko karibu na pale kipenyo cha chembe kinapofikia sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa mizunguko mikubwa. Sasa itazame modeli ya k-epsiloni, mojawapo ya modeli za kukokotoa msukosuko zinazotumika zaidi. Ina namba tano za kudumu, zikiwamo 0.09, 1.44 na 1.92, na zote zilipatikana kwa kulinganisha hesabu na mitiririko safi. Hakuna hata moja iliyowahi kuonja vumbi. Anayemwaga saruji ndani yake bila kuzigusa anavaa kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha mwingine.

Nitaambiwa kompyuta zinakua, na karibuni tutaifuata kila punje. Tuhesabu basi. Kilo moja ya saruji, punje zikiwa za mikromita 10, ina punje bilioni 600 hivi. Wanaotumia njia hiyo leo hulifanya fungu kubwa la punje liwe punje moja ya kuwakilisha, na namna fungu hilo linavyogongana na kuta zenye mikwaruzo ni dhana nyingine inayosubiri kupimwa.

Pingamizi la fundi ni zito zaidi: modeli ya nini? Ongeza hewa, bomba halitaziba. Ni kweli, na viwanda vingi vimeishi hivyo. Ila msongo unaopotea hupanda kwa takriban mraba wa kasi, na ulikaji wa kona za bomba kwa kawaida hupanda kwa kasi zaidi ya hapo, hadi kona inatoboka. Ukipunguza hewa kupita kiasi, punje hulala chini ya bomba la mlalo na njia huziba. Kati ya hatari hizi mbili kuna uwazi mwembamba, na ni kwa ajili yake tu modeli inatafutwa. Ikikosea huko, uzuri wake kwingine haumsaidii mtu.

Kwa hiyo, kuanzia toleo lijalo, mwandishi atuletee mgawanyo wa ukubwa wa punje zake, msongo uliopotea kwa kila mita na walau kipimo kimoja cha msukosuko kilichochukuliwa bombani. Makala yenye picha za rangi za kompyuta peke yake itarudishwa.