Tuwe na Wachunguzi wa Macho na Akili za Madereva



Mwanafunzi akiulizwa atakuwa nani, hujibu: daktari, mwanasheria au mhandisi. Mimi nasema iko kazi nyingine itufaayo sana, nayo ni kuchunguza jinsi dereva aonavyo na afikirivyo.

Tazameni Bandari ya Bujumbura. Malori huchukua shehena iliyoletwa kwa meli kutoka Kigoma na Mpulungu, kisha huingia mjini penye watu wengi wa miguu. Burundi twaendesha upande wa kulia, Tanzania kushoto. Dereva avukaye mpaka wa Kobero hana budi kugeuza mazoea yake. Tena magari yetu mengi yana usukani upande wa kulia, hata dereva atakaye kulipita lori hulazimika kujitokeza kwanza ndipo aone mbele. Je, akili yake yahitaji muda gani kuamua? Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde!

Mwaka 2001 Strayer na Johnston wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walionyesha kwamba dereva azungumzaye kwa simu hukosa ishara nyingi zaidi, hata kama hakuishika simu mkononi. Hawakukisia, walipima.

Wengine watasema ajali ni uzembe tu. Uzembe huenda ukaponywa kwa faini, lakini udhaifu wa macho na akili hauponi hivyo. Nao wa Utah hawakupima njia zetu. Basi tusome hesabu, biolojia na saikolojia, tukapime wenyewe.