Michezo na Maisha: Asiyekubali kushindwa si mshindani

Tunajua mwezi huu ulikuwa mrefu, foleni ya maji ni ndefu na kuni ziko mbali. Lakini tuko hai, na ukurasa wetu unaendelea.

Wazazi kadhaa wametusimamisha njiani na kutuuliza jambo moja. Mama mmoja alisema hivi: "Mwalimu, mtoto wangu akishindwa kidogo tu, anaacha. Mpira ameacha, sasa anataka kuacha na shule. Nifanye nini ili awe na moyo mgumu?" Baba mwingine aliyekuwa pembeni akajibu kabla yetu: "Fimbo tu, mama. Sisi tulikua kwa fimbo."

Kwa kweli swali hilo lilitugusa, kwa sababu kabla ya kuwashauri ninyi, inabidi tukiri kosa letu wenyewe.

Mwaka jana timu ya shule yetu ilifika nusu fainali ya mashindano ya hapa kambini. Mechi iliisha sare, tukaenda kwenye penalti. Golikipa wetu, kijana wa miaka 15, aliokoa mbili. Ya mwisho ikampita katikati ya miguu, tukatoka. Jamani, tulikasirika. Tuliwazungusha vijana uwanja mara kumi juani, na mbele ya wote tukamwambia yule golikipa: "Wewe umetuuza." Tulidhani ndivyo moyo unavyofanywa kuwa mgumu.

Jumatatu hakuja mazoezini. Wiki iliyofuata hakuja hata darasani. Tukasikia anabeba mizigo ya watu sokoni. Tukaenda kwao kumwambia mama yake kwamba mtoto hana moyo wa kuvumilia. Mama alikuwa anachambua maharage. Alitukaribisha, akatupa kigoda, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema pole pole: "Walimu wangu, mtoto huyu alivuka ziwa usiku ndani ya mtumbwi akiwa na miaka sita, ameshika nguo yangu, hakulia. Leo mnaniambia hana moyo? Moyo anao. Ninyi ndio mmemwambia mbele ya watu kuwa ni msaliti."

Hatukuwa na jibu. Tuliangalia chini tu.

Tangu siku ile tulianza kujiuliza upya: moyo mgumu ni nini hasa? Watoto wetu wametembea usiku, wamelala na njaa, wamezika ndugu. Ugumu wameshauona kuliko watoto wengi wa dunia hii. Kinachowapungukia ni kitu kingine: namna ya kuanguka bila kuvunjika, na mtu wa kusimama karibu yao wakati wanainuka.

Mfano wa mwenzetu

Mwaka 2016, katika michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro kule Brazil, kwa mara ya kwanza kulikuwa na timu ya wakimbizi. Walikuwa wachezaji 10. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliopatikana kambini Kakuma, Kenya, na mmoja wao, dada Rose Nathike Lokonyen, ndiye aliyebeba bendera ya timu siku ya ufunguzi. Wawili walikuwa Wakongomani, wachezaji wa judo: Popole Misenga na dada Yolande Mabika.

Popole alipotezana na familia yake akiwa mtoto mdogo wakati wa vita mashariki mwa Kongo. Alipelekwa Kinshasa, na huko, kwenye kituo cha watoto waliokimbia vita, akajifunza judo. Aliipenda. Lakini alisimulia baadaye kwamba kila aliposhindwa mashindano alifungiwa siku kadhaa, akipewa mkate na kahawa tu. Mwaka 2013 alipelekwa Rio kwenye mashindano ya dunia, akatolewa mapema. Yeye na Yolande wakaamua kubaki Brazil na kuomba hifadhi.

Angalieni hapo. Kama adhabu na njaa ndiyo dawa ya kumfanya mtu mshindi, Popole angeshinda mwaka 2013. Hakushinda. Huko Brazil alimpata kocha mzee, Geraldo Bernardes, aliyemfundisha kwa utaratibu na uvumilivu. Miaka mitatu baadaye, katika mji ule ule wa Rio, Popole alishinda pambano lake la kwanza la Olimpiki dhidi ya Avtar Singh wa India, na watu ukumbini wakamshangilia. Pambano la pili alikutana na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia wa mwaka 2015. Popole akashindwa. Medali hakupata. Lakini aliendelea na mazoezi, na mwaka 2021 alikuwemo tena katika timu ya wakimbizi iliyokwenda Tokyo. Huko alitolewa pambano la kwanza. Ukihesabu medali tu, utasema hana kitu. Ukihesabu mara alizoinuka, utasema mengine. Na ile timu ya wakimbizi ilikuja kupata medali yake ya kwanza Paris mwaka 2024, pale Cindy Ngamba, mzaliwa wa Kamerun, aliposhinda shaba katika ndondi. Ilichukua miaka minane.

Kuna jambo moja katika judo linatufundisha sana. Somo la kwanza la mwanafunzi si kumwangusha mwenzake. Ni kuanguka yeye mwenyewe: jinsi ya kukunja kidevu, kupiga mkono kwenye mkeka, na kuinuka. Anaanguka mara nyingi kabla ya kuruhusiwa kupambana. Yaani kuanguka ni sehemu ya masomo, si aibu. Wahenga wetu waliliona hili zamani, wakasema asiyekubali kushindwa si mshindani.

Sasa tufanye nini?

Haya ndiyo tunayoyajaribu na wanafunzi wetu. Yanafaa uwanjani, na yanafaa kwenye mtihani pia.

1. Tenga kilicho mikononi mwako. Mgao utakuja lini, faili la kwenda nchi ya tatu litaitwa lini, mwamuzi atapiga filimbi gani, hayo hayako mikononi mwa mtoto. Akiyabeba hayo kila siku atachoka bure. Mwulize: leo jioni nini kiko mikononi mwako? Atasema: hesabu tano kabla jua halijazama. Au: mipira ishirini kwa mguu wa kushoto. Afanye hicho.

2. Andika. Kuna dada mmoja katika mazoezi yetu aliyeanza kwa kuzunguka uwanja mara tatu, tena mzunguko wa mwisho akitembea. Kila jioni aliandika tarehe na namba kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari. Baada ya miezi miwili alikuja analia, eti haendi mbele. Tulimfungulia daftari lake: mizunguko minane bila kutembea. Alicheka mwenyewe. Moyo unasahau haraka, daftari halisahau.

3. Jiambie la kufanya, usijiambie la kuogopa. Golikipa anayesema moyoni "nisifungwe, nisifungwe" tayari anauona mpira wavuni. Afadhali aseme: "Tazama mpira, subiri, ruka." Kwenye mtihani: "Soma swali mara mbili, anza na unalolijua." Na moyo ukidunda sana, vuta pumzi taratibu ukihesabu hadi nne, iachie ukihesabu hadi sita, mara tano hivi. Kudunda kwa moyo si ugonjwa, ni mwili unajiandaa kwa kazi.

4. Zoea ugumu kabla ya siku yenyewe. Sasa penalti tunazipiga mwisho wa mazoezi, vijana wamechoka na wenzao wanapiga kelele. Mtihani wa majaribio tunaufanya kwa saa, huku darasa la jirani likiimba. Siku ya mtihani wenyewe kelele si mgeni tena.

5. Baada ya kushindwa, maswali matatu. Tunakaa chini ya mti, wote, na walimu pia. Nini kilikwenda vizuri? Nini kilitushinda? Kesho tufanye nini? Ni marufuku kumnyooshea mtu kidole. Na sisi makocha tunaanza kwa kutaja kosa letu.

6. Usikame ng'ombe asiyekula. Mwezi mgao ukipungua, na sisi tunapunguza mazoezi. Mtoto asikimbizwe juani tumbo likiwa tupu. Kulala ni mazoezi, kunywa maji ni mazoezi. Na wazazi, tuseme ukweli: msichana akiteka maji mara tano na kaka yake mara moja, halafu jioni kaka akakimbia zaidi, msiseme kaka ndiye ana bidii. Gawanyeni ndoo kwanza.

Si kila mtoto anayenyamaza ni mvivu

Hapa tunaomba msome taratibu. Mtoto anayeota vita usiku na kupiga kelele, anayekojoa kitandani ingawa ameshakua, asiyetaka kula wala kukaa na wenzake kwa wiki nyingi, huyo hatumwambii "kaza moyo". Ana kidonda kisichoonekana. Mpelekeni kituo cha afya, aonane na mshauri. Na akisema afadhali afe, msingoje kesho, nendeni siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake. Hata mtu mzima ni vivyo hivyo. Kuomba msaada hakupunguzi ushujaa wa mtu.

Tena si kila kuendelea kunamaanisha kushinda. Mwaka 1968, kule Meksiko, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka katika mbio za marathoni, akaumia goti. Wakimbiaji 75 walianza, 18 waliacha njiani. Yeye alifungwa bandeji, akaendelea, akifika wa mwisho kati ya waliomaliza, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, giza limeshaingia. Mpaka leo wengi wanamjua Akhwari kuliko mshindi wa siku ile. Lakini tusiwafundishe watoto kukimbia na mguu uliovunjika. Tunachochukua kwake ni hiki: alijua kwa nini yuko pale. Mtoto akijua kwa nini anasoma na kwa nini anacheza, hatuhitaji kumfokea sana.

Na yule golikipa wetu?

Hakurudi haraka. Tulimwomba msamaha mbele ya timu nzima, pale pale tulipomwaibisha. Alinyamaza tu. Wiki ya tatu akarudi darasani, akaketi nyuma kabisa. Golini hakutaka, hadi leo hataki, na hatumlazimishi. Huo ni uchungu wetu sisi, tunaubeba.

Lakini Jumamosi anakuja uwanjani, kule penye mchanga, anawafundisha wadogo jinsi golikipa anavyoanguka bila kuumiza kiwiko. Juzi mtoto mmoja alifungwa bao, akakaa chini analia. Tukamsikia kijana wetu akimwambia: "Inuka, mdogo wangu. Mpira bado haujaisha." Sisi wakubwa, siku ile ya penalti, hatukumwambia yeye maneno hayo.

Maswali ya kuzungumza nyumbani jioni

- Baba na mama: mara ya mwisho mtoto wako aliposhindwa jambo, ulimwambia neno gani la kwanza?
- Watoto: ni kitu gani kimoja kiko mikononi mwako kesho asubuhi?
- Wote: ni nani aliyesimama karibu nawe siku uliyoanguka? Umeshamshukuru?

Mkiwa na majibu mnayotaka tuyasome wengine, yaandikeni kwenye karatasi mumpe mtoto aje nayo shuleni. Majina hatutayataja.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea, kikundi cha michezo.