Akiba ya Askari Aliyefariki Ni ya Nani?

Alfajiri ya tarehe 26 Mei, 2023, kambi ya majeshi ya Umoja wa Afrika iliyokuwa Buulo Mareer, nchini Somalia, ilishambuliwa na Al-Shabaab. Siku chache baadaye Rais Museveni alitangaza kwamba askari 54 wa Uganda waliuawa. Taifa liliwaomboleza mashujaa wake kwa heshima zote zilizowastahili. Lakini risasi za heshima zikishanyamaza, familia ya kila askari, awe amefia vitani, barabarani au hospitalini, hukabiliwa na kazi nyingine isiyopigiwa tarumbeta. Nayo ni kukusanya alichokiacha marehemu na kumpa kila mwenye haki yake.

Kwa askari wa leo, sehemu kubwa ya mali hiyo imo katika chama cha akiba na mikopo. Wanajeshi wa Uganda wana Wazalendo, na polisi wana Exodus. Majirani zetu nao wamefuata njia hiyo hiyo. Chama cha polisi wa Kenya kilianzishwa mwaka 1972. Zigama ya Rwanda, inayohudumia jeshi, polisi na magereza, ilianza mwaka 1997, na polisi wa Tanzania wanayo URA. Kila mwezi mshahara hukatwa, akiba huongezeka, mkopo huchukuliwa, nyumba hujengwa na watoto husoma. Hapana shaka kwamba ushirika umewakomboa askari wengi kutoka mikononi mwa wakopeshaji wa mitaani. Hata hivyo, chama kinachompokea mwanachama kwa karatasi moja hakiwezi kumwaga kwa urahisi huo huo anapokufa.

Yafaa kwanza ieleweke hesabu yenyewe. Mwanachama huacha vitu vitatu: hisa, akiba na deni. Tuchukue mfano wa koplo aliyeacha akiba ya shilingi 6,000,000 na deni la shilingi 4,000,000. Iwapo mkopo wake ulikatiwa bima, bima hulipa deni, na akiba yote hubaki kwa warithi. Iwapo haukukatiwa, chama hujilipa kwanza kutoka katika akiba, na kinachobaki ni shilingi 2,000,000. Kama deni lingekuwa shilingi 9,000,000, akiba yote ingekwisha na shilingi 3,000,000 zingesalia bila mlipaji. Hapo ndipo wadhamini huitwa, na wadhamini wa askari ni askari wenzake wa kikosi. Kwa hiyo kifo cha mmoja huweza kupunguza mshahara wa watatu. Ni wajibu wa kila mkopaji kuuliza, kabla ya kutia sahihi, kama mkopo wake una bima na kama bima hiyo inamlipia afiapo kazini.

Hesabu ikishafanywa, linakuja swali la mpokeaji. Vyama vya ushirika vina utaratibu wa mwanachama kumteua mtu atakayelipwa baada ya kifo chake. Utaratibu huu si mgeni, kwani umo katika sheria ya ushirika ya India ya mwaka 1912, ambayo Uingereza iliifanya kielelezo katika makoloni yake. Uganda ilipata sheria yake ya kwanza ya ushirika mwaka 1946. Lengo lilikuwa jema: mkulima au mfanyakazi mwenye akiba ndogo asiiachie familia yake kesi inayogharimu zaidi ya akiba yenyewe.

Kasoro haimo katika utaratibu, imo katika usahaulifu wetu. Kijana hujaza fomu mara atokapo mafunzoni, angali kapera, akaandika jina la mama yake au la kaka yake. Miaka kumi na tano baadaye ana mke na watoto wanne, na amehamishwa vituo vitano. Fomu ile bado imo katika jalada, na jina ni lile lile. Siku mjane afikapo ofisini na cheti cha kifo mkononi, karani humwambia kwamba mteule ni shemeji yake. Karani hana kosa. Hata shemeji huenda hana kosa. Aliyekosa ni yule ambaye hawezi tena kuulizwa.

Je, mteule ni mwenye mali au ni mchukuzi tu wa mali ya warithi? Mahakama za nchi mbalimbali hazikutoa jibu moja. Mwaka 1983 Mahakama Kuu Kabisa ya India, ikiamua shauri la bima ya maisha, ilisema kwamba mteule hupokea fedha kwa niaba ya warithi wa kisheria na hawi mmiliki. Nchini Kenya, katika uamuzi wa mwaka 2015, Mahakama Kuu ilichukua mkondo mwingine, kwamba fedha zilizofanyiwa uteuzi halali haziingii katika mirathi, bali ni za aliyeteuliwa. Askari asikubali familia yake iwe ndiyo itakayogharimia ubishi huo wa wanasheria. Dawa yake ni moja, nayo ni kuhakikisha kwamba jina lililo katika fomu na nia iliyo moyoni ni kitu kimoja.

Pasipokuwa na mteule, na pasipokuwa na wosia, sheria ya mirathi ndiyo husema. Hapa pana habari ambayo wengi hawajaipata vizuri. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilibatilisha vifungu kadhaa vya Sheria ya Mirathi kwa kuwa viliwabagua wanawake. Miaka 15 ilipita kabla ya Bunge kuziba pengo hilo kwa marekebisho ya mwaka 2022. Marehemu aliyeacha mwenzi, watoto, jamaa waliomtegemea na mrithi wa kimila, sasa mali yake hugawiwa hivi: mwenzi asilimia 20, watoto asilimia 75, wategemezi asilimia 4 na mrithi wa kimila asilimia 1. Zamani mwenzi alipata 15 na wategemezi 9. Kwa mgao wa sasa, katika kila shilingi 10,000,000 za mirathi, mwenzi hupata 2,000,000, watoto 7,500,000, wategemezi 400,000, na mrithi wa kimila 100,000. Kwa hiyo anayesimama katika kikao cha ukoo na kudai kwamba akiba yote ni ya kaka wa marehemu, huyo anasema kinyume cha sheria.

Njia ya kuufikia mgao huo si fupi. Kifo huandikishwa kwa mamlaka ya usajili, NIRA, ili cheti kipatikane. Familia hukutana na kuchagua msimamizi, na mwenyekiti wa LC 1 huthibitisha kwa barua. Habari hupelekwa kwa Kabidhi Wasii Mkuu, yaani ofisi ya Serikali inayoangalia mali za marehemu, ambayo hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi. Ndipo mahakama hutoa hati ya usimamizi, na chama hulipa. Anayeruka hatua hizi kwa kutoa fedha kwa simu au kadi ya marehemu anaweza kuwa anafanya kosa la jinai.

Sheria haikumsahau mwanajeshi. Aliye vitani au katika safari ya kijeshi ameruhusiwa kutoa wosia wa pekee, hata kwa mdomo tu, mbele ya mashahidi wawili waliopo kwa pamoja. Lakini wosia huo wa mdomo hubatilika mwezi mmoja baada ya yeye kutoka katika hali hiyo. Ni msaada wa dharura, haufai kuwa mpango wa maisha. Polisi wa kituoni hana hata msaada huo. Wosia wake ni lazima uandikwe, utiwe sahihi na ushuhudiwe.

Viongozi wa vyama nao wana sehemu yao. Si haki kumngojea mwanachama akumbuke peke yake. Fomu ya uteuzi ingeweza kukaguliwa kila mkopo mpya unapoombwa, na kila kikosi kinapojiandaa kwenda nje ya nchi, kama vile silaha na afya zinavyokaguliwa. Panapotajwa mtoto aliye chini ya miaka 18, fomu itaje pia mlezi, maana mtoto hawezi kupokea fedha hizo mwenyewe.

Ndugu askari, hakuna anayependa kuandika habari za kifo chake. Lakini wewe uliyekubali kufa kwa ajili ya nchi usishindwe kuandika jina moja kwa ajili ya watoto wako. Kabla mwezi huu haujaisha, nenda katika ofisi ya chama chako, uliza fomu yako ina jina la nani, na kama si lile ulitakalo leo, libadilishe. Kisha mwambie mkeo au mumeo jalada hilo liko wapi.