Atomi ya Dhahabu Haing'ai

Makala yoyote inayotetea fasili ya zamani, kwamba atomi ni chembe ndogo kabisa ya elementi yenye sifa zote za elementi hiyo, inatetea jambo ambalo maabara ililikanusha kitambo. Mwaka 1857 Michael Faraday alitengeneza mchanganyiko wa maji na vipande vidogo mno vya dhahabu, ukatoka mwekundu. Dhahabu ni ile ile. Kilichobadilika ni ukubwa wa vipande. Bonge la dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za Selsiasi, ilhali chembe za nanomita chache huyeyuka mapema zaidi. Na atomi moja, je? Haiyeyuki kabisa, kwani kuyeyuka ni kuvurugika kwa mpangilio wa atomi nyingi, na iliyo peke yake haina wa kupangana naye. Tazama pia almasi na grafiti: zote ni kaboni tupu, lakini moja hukata kioo na nyingine huchora karatasini.

Mwandishi wa makala kama hiyo atajitetea kwamba alikusudia sifa za kikemia. Hapo ana nusu ya haki: protoni 79 ndizo zinazoifanya dhahabu kuwa dhahabu, na atomi moja inazo zote. Lakini tangu miaka ya 1980 inajulikana kwamba dhahabu hii, mashuhuri kwa kutoshikwa na kutu, ikiwa chembe za nanomita chache juu ya oksidi za metali fulani huchochea kaboni monoksidi iungane na oksijeni hata penye baridi. Uvivu wake wa kikemia umekwenda wapi? Kusema fasili hiyo ni nyepesi kwa anayeanza hakusaidii. Wepesi huo ndio humfanya mwanafunzi aamini kwamba molekuli ya maji imelowa.